Mlango Uliotazama Ziwa

Sisi wanawake wa ushirika wa samaki hapa Nchelenge, upande wa Zambia, wengi tukiwa tumetoka Kongo, hatujengi kitu kabla ya kugombana. Safari hii msanifu aliyekuja kutuchorea ghala jipya alikataa kushika kalamu mpaka tumwambie jengo lenyewe litaishi vipi: litakula kuni kiasi gani, litapata maji wapi, litapoaje bila feni. Nilimwona msumbufu. Kumbe alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonikera.

Suala la kuni lilipita haraka, maana tumechoka kufuata miti mbali. Tukakubali matofali ya udongo wa kushindilia, yasiyochomwa, na vichanja vya kuanikia samaki juani. Maji ya mvua yatoke kwenye paa yaingie tangini. Tulipofika kwenye joto, alisema kwa Kibemba, taratibu, kwamba ukuta wa upande wa ziwa uzibwe kabisa, kwani jua la alasiri linatupiga kutoka huko.

Hapo nikasimama. Mimi nilitaka mlango utazame ziwa.

Nyumba niliyokulia, kule Kabuta, mlango wake ulitazama majini. Baba alikuwa akivuka kwenda Kongo kuuza chumvi na sabuni, na siku ya kurudi mama alitundika kitenge chekundu mlangoni ili baba akione kutoka mbali. Sisi watoto tulikaa kizingitini, tumekunja nyuso kwa jua, tukibishana mtumbwi upi ni wake. Ndani joto lilikuwa la tanuri. Mama alipika jasho likimtiririka, na hakuna aliyewahi kufikiria kuuhamisha mlango ule. Harufu ya moshi kwenye kile kitenge ninaitamani mpaka leo.

Niliwaeleza wenzangu yote hayo. Wawili watatu walifuta macho, nikajua nimeshinda.

Mama yangu, mzaliwa wa Kongo, alikuwa ameketi nyuma, akijipepea kwa kifuniko cha ndoo. Baba tulishamzika, alifia kitandani mwake, uzeeni. Nilimgeukia mama aniunge mkono.

"Mie nilikalaka na jua mu macho sababu ya baba yako," alisema. "Na alirudiaka, kila safari. Sasa weye unangoya nani?"

Akaelekeza kifuniko upande wa ziwa.

"Mufunge kule," akamwambia msanifu. "Banamuke bapate baridi."

Msanifu hakujua Kiswahili. Ilibidi nimtafsirie mimi mwenyewe: pazibwe, wanawake wapate ubaridi.

Ghala limekwisha. Ukuta ule hauna hata tundu, na ndani tunafanya kazi bila kuloa jasho. Lakini alasiri huwa natoka, nazunguka nyuma na kutazama mitumbwi kidogo kabla ya kurudi kwenye samaki.

Juzi nilimkuta mama huko, amekunja uso kwa jua. Nikakaa karibu naye.