Kungoja Nako Ni Safari

Mutoto wangu, we mwenye naweza kuachia neno ya roho yangu, ikala hapa karibu. Kuna siku moja ingali inanirudilia mu macho, pole pole, kama ziwa ya asubuhi yenye haina upepo.

Nilikuwa mama kijana, ku kijiji kimoja ya Ubwari, kando ya ziwa. Mutoto wangu wa kwanza alikuwa anawaka homa, hata kunyonya alikataa. Lopitali iko Baraka, ngambo ya maji. Boti ya moteri ingetoka kisha masaa mbili. Lakini kaka yangu Wilondja alikuwa anaenda na mutumbwi wake palepale, kasia mu mukono.

"Ingia, dada. Ao mutabaki hapa kuhesabu samaki ndogo ndogo za ndagala?"

Nikasimama. Shangazi mwenye alinilea akanivuta kikwembe.

"Ikala. Kwa kasia, Baraka ni masaa sita. Kwa moteri ni mbili. Ongeza mbili za kungoja, inakuwa ine. Nani atafika mbele?"

"Lakini shangazi, hapa hatutembee."

"Kungoja nako ni safari. Ni roho yako njo inakimbia, mutumbwi haikimbie." Akamugeukia Wilondja. "Na we baba, ile mikono tunaijua. Ulienda kutuletea chumvi, ukakawia, tukakula majani ya sombe bila chumvi, tukalala."

Wilondja akacheka, akaenda peke yake.

Tukaikala ku muchanga. Maji ilikuwa kama inalala, milima ya ngambo inaelea kama moshi. Bazee banasema kutangulia si kufika. Siku ile, hiyo mezali iliniuma, juu mutoto alikuwa anapumua mufupi mufupi, na kila pumzi ilikuwa inaniambia: simama, enda. Nikasali tu.

Boti ikakuja. Katikati ya maji tukamupita Wilondja, mudogo kama jani, jasho inamushuka. Ku lopitali munganga akamutia mutoto dawa ku mushipa, akasema: "Mama, mungechelewa kidogo tu, hatungemupata." Mutoto alianza kunyonya jua ikiwa ingali juu.

Kisha miaka mingi, ku masomo ya bamama ya magaribi, mwalimu akaandika ku ubao: chukua urefu wa njia, gawanya na mbio, utapata wakati. Kilometa makumi mbili na ine. Kasia inaenda ine kwa saa: ni sita. Moteri kumi na mbili: ni mbili. Kalamu yangu ikasimama. Nilikuwa tena ku ule muchanga.

Basi, mutoto wangu, mutu akikuambia "ni masaa mbili", muulize: kwa miguu, kwa pikipiki, ao kwa moteri? Gawanya njia na mbio, ongeza na kungoja, kisha piga magoti. Mungu hachukiye mutu mwenye kuhesabu.

Yeye akuvushe maji yote, akufikishe na bale unabeba. Na hii neno usiikalie: mupelekee mwenzako mwenye roho yake inakimbia leo.