Vikombe vya Susi

Mama Mizizi aliuza mitishamba kwa miaka thelathini katika chumba kimoja nyuma ya soko. Wateja walimtania kuwa humo ndani hata panya hawakohoi.

Mzizi alioujua kuliko yote ni susi: kijiti cha kahawia kwa nje, manjano kwa ndani, kitamu kuliko sukari. Aliwauzia wenye kikohozi kikavu, wenye koo linalokwaruza na wenye kiungulia. Lakini kabla ya kufunga karatasi aliuliza kwanza kama mtu ana presha au ni mjamzito. Aliyekubali alirudi mikono mitupu hata abembeleze vipi, maana susi ikinywewa mfululizo hupandisha presha na kuvimbisha mwili.

Binti yake wa pekee alikulia chini ya meza ya duka lile, akitafuna vijiti vya susi hadi mate yakawa manjano. Alipokua alisomea uuguzi, akapata kazi ng'ambo. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Kisha zamu zikamzidi, Jumapili moja ikapita, ikafuata ya pili, mwisho zikabaki jumbe fupi: nimechoka, Mama, nitakupigia kesho. Kesho hiyo haikufika.

Mama Mizizi hakumlalamikia mtu. Ila alianza kujichemshia susi asubuhi, kwa sababu harufu yake ilimrudisha mtoto chini ya meza. Kikombe kimoja kikawa viwili, vikawa vitatu. Baada ya miezi minne viatu vilikataa kuingia, kichwa kilimgonga, na miguu ililegea kama si yake. Jirani yake, fundi cherehani, alimkokota hadi zahanati. Daktari alimpima presha mara mbili, asiamini, akamuuliza anakunywa nini. Mama Mizizi aliitaja susi akiwa ameinamisha uso.

"Mganga hajigangi," fundi alimwambia njiani. Siku nyingine angejibiwa papo hapo. Siku hiyo Mama Mizizi alizidi tu kuegemea bega lake.

Fundi ndiye aliyemtumia binti habari. Simu ikaja jioni ileile.

"Mama, miguu imevimba tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kupiga Jumapili."

"Lakini susi unaijua, Mama. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Naijua, mwanangu. Sikuinywa kama dawa."

Aliiacha, akameza vidonge alivyopewa, na wiki baada ya wiki uvimbe ukashuka. Simu nazo zilirudi, ingawa si kila Jumapili. Mtandao ukikatika, Mama Mizizi alibaki ameshikilia simu sikioni, akingoja.

Mwaka uliofuata binti alipata likizo ya siku kumi. Walilala chumba kimoja, wakaongea hadi wakaishiwa maneno, wakakaa hivyohivyo. Siku ya kumi teksi ikaja.

Kesho yake duka lilichelewa kufunguliwa. Mama Mizizi alikuwa akikunja shuka alilolalia mwanawe, polepole, na hakutaka kulifua.