Alichokiona Bi Somoe

Nimepanga kwa Bi Somoe mwaka wa tisa sasa. Nyumba yake iko Tandale, nyuma kidogo ya soko. Vyumba vinne ni vya sie wapangaji, viwili ni vyake. Mie ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Karagwe, na kabla ya kuhamia hapo sikuwahi kumjua mtu anayeitwa kila anapofariki mwanamke mtaani ili akaoshe maiti. Kwetu kazi hiyo hufanywa na ndugu wa marehemu.

Riziki yake Bi Somoe inatoka sokoni. Anauza viungo: iliki, mdalasini, pilipili manga, binzari. Lakini akija mtu akasema, "Bi Somoe, tumefiwa," anafunika bidhaa zake kwa kanga, anamwomba jirani amtazamie meza, anaondoka. Kazi ya kuosha aliirithi kwa shangazi yake, na hatozi chochote. Nilipokuwa mgeni nilimuuliza, kwa ujinga wangu wa bara, huwa anaona nini huko ndani. Hakukasirika. Alinijibu tu, "Mwalimu Genoveva, mwosha ana macho, hana mdomo. Ndivyo tulivyofunzwa."

Nakumbuka maneno hayo kwa sababu ya yale yaliyomkuta baadaye.

Miaka minne iliyopita, Jumamosi moja asubuhi, alikuja mzee Marijani, fundi makochi wa mtaa wa tatu kutoka kwetu. Alikuwa na macho mekundu. Mpwa wake Raudha amefariki. Raudha alikuwa msusi kule Sinza, dada mmoja mcheshi wa miaka ishirini na saba, ambaye sie wengi tulikuwa tumewahi kukaa kwenye kigoda chake. Mumewe, Khalfani, alisema ameteleza bafuni usiku, akagonga kichwa, na hadi kunakucha alikuwa ameshakata roho. Watu walilia, wakaliamini hilo. Bafu zetu ni za sakafu ya saruji, na hakuna asiyewahi kuteleza. Kibali cha mazishi kikapatikana, kaburi likachimbwa, ikatangazwa kwamba maziko ni baada ya sala ya adhuhuri.

Mie nilikuwa nimekaa na wanawake kwenye mikeka uani kwa kina Raudha. Bi Somoe aliingia chumbani na wasaidizi wake wawili, mapazia ya kanga yakashushwa. Tukasikia maji. Halafu maji yakanyamaza.

Alitoka na mikono inayochuruzika hadi kwenye viwiko. Alipita katikati yetu, akaenda mpaka kwenye turubai la wanaume, jambo ambalo mwanamke halifanyi siku kama ile, akasimama mbele ya mzee Marijani na shehe.

"Huyu asizikwe leo," alisema.

Shehe alidhani hakusikia vizuri. "Unasemaje, Bi Somoe?"

"Nasema asizikwe. Waiteni polisi. Mtoto huyu ana vidole vya mtu shingoni."

Watu kama mia mbili waligeuka kumtazama. Kisha akasimama mama mmoja upande wetu, Mama Khalfani, mama mzazi wa yule mume. Ni mwanamke anayejulikana Tandale nzima kwa maandazi yake, mnene, mwenye sauti. Alipiga kelele, "Muongo! Mwosha gani wewe unayemvua nguo marehemu mbele za watu? Mwosha huoshwa, Somoe! Mwosha huoshwa!"

Ni methali tunayoijua wote, kwamba anayeosha wenzake na yeye siku yake ipo. Lakini siku ile ilisemwa kama laana. Bi Somoe alirudi mlangoni kwa marehemu, akaketi kwenye kizingiti, na hakuondoka hapo mpaka polisi walipofika, saa tatu nzima, mikono ikamkaukia na sabuni.

Mwili ulikwenda kupimwa. Daktari akasema ni kunyongwa kwa mikono. Khalfani akakamatwa jioni ileile.

Mtu angedhani mtaa utamshukuru Bi Somoe. Haikuwa hivyo. Maziko yalichelewa siku mbili, na watu wakasema amemtesa marehemu. Wengine wakasema ya ndani ya ndoa yangemalizwa kifamilia. Wengi zaidi hawakusema kitu, ila waliacha kumwita. Ukitokea msiba, walikuwa wanamfuata mwosha wa Manzese au wa Mwananyamala. Nilimsikia mwanamke mmoja bombani akiwaambia wenzake, "Mie nikifa msimwite yule. Atatoka nje atangaze mpaka mishono yangu ya uzazi."

Bi Somoe aliyasikia hayo. Jioni moja tukichambua mchele alinambia, "Mwalimu, kilichonikondesha si maneno yao. Nimeosha miaka thelathini na moja. Nimeona mengi, nimeyaficha yote. Siku ile nilipoona zile alama nilijiuliza, hii ni aibu yake au ni dhulma yake? Aibu ya maiti ninaisitiri. Lakini dhulma nikiisitiri, namsitiri nani?"

"Ulifanya sawa," nilimwambia.

"Ndivyo ninavyojiambia. Lakini hodi za msiba zimeacha kupigwa kwangu."

Kesi nayo ikawa ya kwenda na kurudi. Kila tarehe ikifika inasemwa upelelezi haujakamilika, inapangwa tarehe nyingine. Mama yake Raudha, mwanamke mpole mwenye kisukari, aliacha kwenda baada ya mwaka wa kwanza. Mzee Marijani ndiye aliyekuwa anakwenda, na kila akirudi nywele zake zimezidi kuwa nyeupe. Bi Somoe alikuwa shahidi. Alikuwa na hofu ya ile siku atakaposimamishwa mbele ya wanaume na kuulizwa kila kitu: ulimkuta vipi, ulimgusa wapi, mwilini kulikuwa na nini kingine.

Mwaka huu, mwezi wa pili, akaletewa wito. Shauri limefika Mahakama Kuu. Aliniomba nimsindikize, nikaomba ruhusa shuleni. Alivaa baibui lake jipya, na tangu tunatoka nyumbani midomo yake ilikuwa inacheza, anasoma dua.

Hakuitwa kizimbani. Tulipokaa tu, wakili wa serikali alisimama akasema upande wa mashtaka na wa utetezi wamefikia makubaliano, na shtaka la kuua kwa kukusudia limebadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia. Khalfani akasomewa upya. Alikuwa amekonda, shati jeupe limempwaya. Jaji akamuuliza kama ameelewa na kama ni kweli au si kweli.

"Ni kweli, mheshimiwa."

Watu wakaguna. Askari akatuashiria tunyamaze. Wakili akaanza kusoma maelezo ya jinsi ilivyotokea, pole pole, kama mtu anayesoma imla. Kwamba usiku ule waligombana kwa sababu ya simu. Kwamba alimkaba. Kwamba alipoona hapumui alimbeba akamlaza bafuni, akafungulia maji. Bi Somoe alikuwa amenishika mkono, na nilihisi kucha zake. Kisha wakili akasoma kwamba mwanamke aliyekuwa akiosha mwili aliona michubuko shingoni, akasimamisha mazishi, na kwamba bila yeye jambo hili lisingejulikana.

"Ni kweli hayo yote?" jaji akauliza.

"Ni kweli."

Nilitazama nyuma. Mama Khalfani alikuwa amekaa benchi la mwisho, peke yake. Miaka minne aliapa kwa kila mteja wa maandazi kwamba mwanawe hana hatia, na nadhani alikuwa anaamini. Sasa alikuwa amelisikia kwa sauti ya mwanawe mwenyewe. Hakulia. Alikuwa anaitazama sakafu, mdomo wazi kidogo.

Jaji alihukumu mchana uleule: miaka kumi na minane, ukitoa ile minne aliyokaa mahabusu.

Nje palikuwa na vurugu. Waandishi walikuwa na vinasa sauti na simu, na mzee Marijani alikuwa akimuuliza kila anayempita. "Kumi na minane? Kwa roho ya mtu? Atatoka angali na nguvu zake, aoe tena!" Vijana wa mtaani waliokuja na gari la kukodi walipaza sauti, "Anyongwe! Anyongwe!" Mama mmoja akawajibu kwamba bora amekiri kuliko angewazungusha miaka kumi mingine. Wakamgeukia yeye, nusura wamzomee.

Mwandishi mmoja akamtambua Bi Somoe, akamsogezea simu usoni. "Mama, wewe ndiye uliyeosha. Hebu waambie Watanzania, uliona nini hasa?"

"Yamesomwa ndani," Bi Somoe alisema. "Nanyi mlikuwemo."

"Lakini unajisikiaje?"

"Nina kiu, baba. Nipisheni nikanywe maji."

Kipande hicho cha video kilisambaa. Wiki nzima Tandale haikuwa na habari nyingine. Kijiweni kwa muuza kahawa waligawanyika: hawa wanasema Khalfani amekiri kwa sababu amemwogopa Mungu, wale wanasema amekiogopa kitanzi. Shuleni kwetu mwalimu Erasmus alitoa hotuba nzima wakati wa chai kwamba toba ni kitu kimoja na kupunguziwa adhabu ni kingine. Kwenye magrupu ya simu watu wasiomjua Raudha hata kwa jina la baba yake waliandika angestahili nini na mumewe angestahili nini. Na wapo waliouliza hiyo simu ilikuwa na ujumbe wa nani, kana kwamba jibu lingebadilisha kitu.

Kwa Bi Somoe mambo yaligeuka. Watu waliompita bila salamu sasa walikuja sokoni kununua iliki ambayo hawakuihitaji. "Sie tulijua tangu mwanzo, Bi Somoe." Alipima iliki, akapokea pesa, akasema ahsante. Yule wa bombani alimpa shikamoo ndefu kuliko inavyohitajika, akaitikiwa marahaba, basi.

Waliokuwa wanamwonea Bi Somoe walipata mwingine wa kumwonea. Maandazi ya Mama Khalfani yakawa hayanunuliwi. Asubuhi moja alikuta wamemwandikia ukutani kwa mkaa: MAMA WA MUUAJI. Akaufuta, kesho yake ukaandikwa tena. Mara wakarusha jiwe, likavunja kioo cha dirisha. Akaacha kutoka nje.

Siku ya tano ya kutomwona, Bi Somoe alivaa mtandio, akajaza ndizi mbichi na nazi kwenye kikapu, akanambia, "Twende, mwalimu."

"Wapi?"

"Kwa Mama Khalfani."

Nilisimama mlangoni. "Bi Somoe, yule alikulaani mbele ya maiti."

"Alinilaani, nilisikia. Twende, jua linapanda."

Tulipiga hodi mara tatu. Alipofungua sikumtambua, ule unene wote umemlegea. Alipomwona aliyesimama mlangoni alirudi nyuma hatua moja, kama anayengoja kupigwa.

"Umekuja kunicheka, Somoe?"

"Nimekuja kupika. Jiko liko wapi?"

Bi Somoe alimenya ndizi, mie nikakuna nazi. Chungu kikaanza kutokota. Ndipo Mama Khalfani akasema, akiwa ameupa ukuta uso wake, "Alinambia ameteleza. Alinishika mkono, akalia, akanambia mama, ameteleza. Mie nikakuita muongo."

"Mtoto wako alikwambia, ukamwamini. Ungemwamini nani?"

"Nisamehe."

Bi Somoe alikoroga chungu. "Langu nimesamehe. La Raudha si langu, na wala usinitume kwa mama yake. Utakwenda mwenyewe siku ukiweza, na asipokufungulia, rudi."

Mama Khalfani akaanza kulia. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia watu msibani, na nikaelewa kwamba hakuna aliyekuwa amemruhusu kulia tangu ile siku ya hukumu. Tulikaa mpaka akamaliza, tukala naye.

Habari zilitutangulia nyumbani. Jioni alikuja mama yake Raudha, mpole yule, na safari hii hakuwa mpole. Alisimama uani, akakataa kukaa.

"Nimeambiwa umekula nyumba ile."

"Nimekula," Bi Somoe alisema.

"Wewe! Wewe uliyemshika mwanangu!"

"Yule mwanamke hakumuua Raudha, dada yangu."

"Alimzaa aliyemuua. Na mwanawe anakula, analala, anahesabu miaka itakayokwisha. Wangu ataisha lini kufa?"

Bi Somoe alimwendea, akataka kumshika bega. Mama Raudha akajitoa, akaondoka.

Hawajazungumza mpaka leo, miezi mitatu sasa. Bi Somoe amempelekea salamu kwa mzee Marijani mara mbili, hazikujibiwa. Anaumia, naliona. Lakini nilipomuuliza kama anajuta kwenda kule, alitikisa kichwa.

Maandishi ukutani kwa Mama Khalfani yamekoma. Sidhani watu wamesamehe. Wanamwona Bi Somoe akikaa pale barazani kila Alhamisi, na wanamwonea haya. Maandazi yameanza kukaangwa tena, machache, ya wateja saba au wanane. Mie ni mmoja wao. Nikiwa pale kwenye foleni fupi sisemi kitu kuhusu kesi, na yeye haniulizi. Ananifungia maandazi manne kwenye gazeti, ananambia, "Kazi njema, mwalimu," nami nakwenda shule.