Kikohozi cha Bot Chebet

Kabla ya uchaguzi ule wa 2007, Jumamosi zetu pale karibu na Kapsoit, Kericho, zilifanana. Mama na baba walitangulia kufungua duka lao la nafaka sokoni. Mimi nilipita kwenye pengo la ua nikaenda kwa jirani yetu, Bot Chebet, kumsaidia kuchuma chai. Kwa Wakipsigis, Bot Chebet ni mama yake Chebet. Jina lake la ubatizo nilikuja kulijua nikiwa mtu mzima. Chebet mwenyewe alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza, na mwaka ule tulikuwa tumemaliza sekondari pamoja.

Wazazi wangu walitoka Nyandarua kabla sijazaliwa wakanunua shamba dogo pale. Kikikuyu nilikisikia nyumbani, Kikipsigis nikakiokota uani kwa Bot Chebet, na Kiswahili kikatuunganisha sote. Hadi leo nikisikia mtu akisema "bolebole" badala ya polepole, kama Bot Chebet, mimi hugeuka kumtafuta.

Nilikuwa na pumu tangu utotoni. Dukani vumbi la mahindi lilinikataa, ndiyo maana nilipenda chai. Asubuhi majani yalikuwa na umande, hewa ilikuwa safi, na upepo ukitoka upande wa kiwanda ulileta harufu ya chai inayokaushwa. Sijawahi kuinusa tena mahali pengine. Tukimaliza kuchuma, Bot Chebet alitumiminia mursik, maziwa ya mgando, kutoka kwenye kibuyu, na kwa sababu yangu aliacha mlango wa jiko wazi hata mvua ikinyesha. Chebet alilalamika baridi. Mama yake alimwambia avae sweta.

Matokeo ya uchaguzi yalitangazwa redioni jioni moja baada ya Krismasi, na usiku ule ule tukasikia kwamba Wakikuyu wanafukuzwa. Asubuhi iliyofuata baba alienda sokoni kuangalia duka. Mama alimwomba asiende.

"Nafunga kufuli ya pili tu," baba alisema. "Chai haitakuwa imepoa."

Chai ilipoa. Tukaona moshi ng'ambo ya bonde, kisha mwingine karibu nao. Upepo ulikuwa ukiupeleka mbali nasi, wala sikusikia harufu yoyote. Hata hivyo kifua changu kilianza kubana, kana kwamba mtu alikuwa akinifunga leso mbavuni na kuikaza. Nilivuta inhela yangu ya dawa ya pumu. Ilitoa kidogo, kisha ikatoa upepo mtupu. Duka la dawa lilikuwa limefungwa tangu sikukuu.

Mama aliniona nikiitikisa ile inhela, akaanza kulia. Alipolia, mimi nilizidi kubanwa. Nilitaka kumwambia anyamaze, lakini sikuwa na pumzi ya maneno.

Bot Chebet aliingia kupitia pengo la ua, kikapu cha chai mgongoni.

"Mama Njeri, toka na huyu mtoto. Sasa hivi."

"Baba Njeri hajarudi."

"Akirudi atakupata kwangu. Toka."

Alitupeleka mbio hadi mlangoni pa jiko lake, kisha akasimama. Ndani kuni zilikuwa zikifuka. Alinitazama nilivyokuwa nikihema, mabega juu, akageuka.

"Hapa atakufa. Kujeni kwa chai."

Tuliingia katikati ya shamba. Alitwambia tulale chini ya michai, kwenye udongo, matawi yakitufunika. Yeye akabaki amesimama, akaanza kuchuma. Chebet hakuwepo, alikuwa Sotik kwa shangazi yake tangu Krismasi. Kwa hiyo shamba zima lilikuwa na mwanamke mmoja tu anayechuma chai siku ambayo hakuna kituo kilichokuwa kikinunua.

Tulisikia mabati yakigongwa. Yalikuwa ya nyumba yetu.

Mama alinishika mkono.

Kifua changu kilianza kupiga filimbi.

Nilijaribu kuizuia. Kadiri nilivyojizuia, ndivyo ilivyotoka kwa sauti zaidi, nyembamba na ndefu, kila nilipotoa pumzi. Mama aliniziba mdomo. Nikaona giza. Akaondoa mkono.

Miguu ilikuja njiani na kusimama.

"Mama, wale watu wa duka wamepita hapa?" mmoja aliuliza kwa Kikipsigis.

Filimbi ikatoka. Niliisikia mimi, na nina hakika Bot Chebet aliisikia.

Akakohoa.

Alikohoa sana, kikohozi kirefu cha kukwaruza, akajiinamia, akatema mate, akarudia. Kila mara kifua changu kilipopiga filimbi, yeye aliifunika kwa kikohozi.

"Watu gani?" alisema alipopata nafasi. "Moshi wenu huu umeniua kifua. Mimi nachuma chai yangu."

"Leo hakuna chai inanunuliwa, mama."

"Na maziwa yasiponunuliwa leo, ng'ombe yangu sitamkamua?" Akakohoa tena. "Endeni huko. Mnanizidishia ugonjwa."

Walisimama kidogo. Mmoja alimpa pole.

Kisha wakaenda.

Hakuinama upesi. Alichuma mstari mzima kwanza. Halafu akapiga magoti kando yangu, mkono wake wenye utomvu wa chai mgongoni mwangu. "Toa hewa kwanza. Usiharakishe kuvuta. Toa bolebole." Alikuwa akipumua nami, taratibu. Na kwa mama alisema, bila ukali, "Wewe ukilia, yeye anaogopa. Shika mkono wake, basi." Mama akaushika. Pumu haikuisha, lakini ile leso mbavuni ililegea kiasi cha kuniwezesha kutembea. Alitupitisha kati ya michai hadi barabara kuu, ambako lori la polisi lilikuwa likikusanya watu kupeleka Kericho. Huko hospitalini waliniwekea barakoa ya dawa hadi nikaweza kusema sentensi nzima.

Baba alitupata kesho yake. Alikuwa amelala mtaroni huku duka likiungua, na viganja vyake vilikuwa vimeungua alipojaribu kuvuta mlango. Tulirudi Nyandarua, kwa jamaa ambao kwetu walikuwa karibu wageni. Baba hakupanda mti hata mmoja huko. Ukimuuliza, alisema bado anaangalia kama tutakaa. Aliendelea kuangalia hadi alipofariki.

Miaka mingi baadaye nilimweleza daktari jambo lililonisumbua: kila kampeni zinapoanza, kifua hubana, hata nikiwa mahali pasipo vumbi wala moshi. Nilidhani atanicheka. Aliniambia hofu hufanya hivyo kweli. Mtu akiogopa hupumua haraka na juu juu, njia za hewa zenye pumu hukaza, na kukosa hewa huzaa hofu nyingine. Akasema nisiache dawa zangu, na nisione aibu kuitaja hofu kama ninavyotaja vumbi. Nilitoka pale nikalia garini. Nilikuwa nimeishi nikidhani mwili wangu ni mwoga.

Bot Chebet alifariki kabla sijaweza kurudi. Chebet alinipigia simu, tukalia wote. Mwaka jana ndipo nilipoenda. Chebet ndiye mwenye shamba sasa. Kwetu pamelimwa mahindi, na mwenye mahindi alitusalimia kwa adabu. Tulizungukazunguka, tukakaa barazani kwa Chebet, tukacheka habari za walimu wetu hadi jua likaanza kushuka.

"Hamwezi kurudi?" aliniuliza.

Nilimwambia ukweli. Natamani kila siku, lakini tangu nifike Kapsoit nahesabu milango ya kutorokea.

Hakuniambia nisiogope. Alitazama chini shambani kwenye chai, akasema, "Basi mimi nitakuja kwenu. Nionyeshe watoto wangu mahali Njeri anakaa."

Hajaja bado. Safari ni ndefu, na mwakani ni uchaguzi. Simlaumu. Nimeshamwandalia kitanda.