Eda Si Utoro

Maji yamekupwa, na Mwanapili amezama matopeni hadi magotini katika hori la Jego, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Leso ameikaza kiunoni. Mkono mmoja umeshika mche wa mkoko, wa pili unachimba shimo. Anaushindilia mche, anapiga hatua, anainama tena. Leo ana hasira, na ana haki nayo.

Mjane huyu wa watoto watatu ni kibarua katika mradi wa kazi za umma wa kurudisha mikoko. Ujira ni shilingi mia tano kwa siku, siku ambazo kazi ipo. Wiki iliyopita walikuja maofisa kutathmini vikwazo vinavyowazuia vibarua kama yeye kupata ajira ya kudumu. Hayakuwa maswali ya kupitisha wakati: watakaopita watapewa kazi ya kutunza vitalu vya miche, kwa mshahara wa kila mwezi. Mwanapili, aliyewahi kuongoza kikundi chake kwa miaka miwili, alijua nafasi moja ni yake.

"Yule ofisa binti alinipa shikamoo, nikaitikia, nikakaa," anasimulia. "Akaniuliza, mama, una ugonjwa? Umesoma mpaka wapi? Nyumbani ni mbali? Nikajibu yote. Kisha akaniambia, lakini wewe ulitoroka kazini mwaka jana, huna ari. Wallahi, damu ilinipanda kichwani."

Kutoroka! Mwaka jana Mwanapili alifiwa na mumewe, akakaa eda, miezi minne na siku kumi, kama wakaavyo wajane wa Kiislamu wa pwani hii. Alijisitiri ndani, hakwenda kazini wala harusini. Kijiji kizima kilijua.

Aliyejua zaidi ni msimamizi wake, Luqman. Siku ya maziko alikuwapo makaburini. Huko huko Kibwana, kaka yake Mwanapili, alimwendea kumwombea dada yake ruhusa.

"Alinishika bega," asema Kibwana. "Akaniambia, mwambie dada akae eda yake kwa utulivu, kazi haikimbii. Nami nikamshukuru, mjinga mimi!"

Kikulacho ki nguoni mwako. Angekuwa mgeni aliyekosea, angeeleweshwa na yangekwisha. Lakini Luqman ni mzaliwa wa hapa, na mama yake mwenyewe amewahi kukaa eda. Alirudi kazini akamwandika Mwanapili mtoro, na mahali pake pa kuongoza kikundi akamweka shemeji yake mwenyewe. Eda ilipokwisha, mjane alipokewa upya kama mtu asiyejua kazi, chini ya watu aliowafundisha yeye kushika mche.

Alipoulizwa, Luqman alicheka. "Mradi ni wa serikali, si wa msikiti," alisema. "Asiyefika kazini ni mtoro."

Munee, kibarua mwenzake Mwanapili aliyetoka Ukambani akalowea hapa, hakuyameza maneno hayo. "Mimi ni mtu wa kanisa, lakini hata mimi nilijua mama yuko eda. Bibi yangu alimpelekea mihogo. Huyu boss alikuwa haoni?"

Na maofisa je? Walitumwa kutafuta kikwazo, na kikwazo kilikuwa kimekaa nao meza moja, kinakunywa soda. Wakakiuliza habari za mjane, wakakiamini. Inatia uchungu, na inatia aibu.

Jumatatu watarudi kwenye ofisi ya chifu kusikiliza malalamiko. Mwanapili atakwenda, na Kibwana na Munee watakuwa mashahidi wake. Wapo jamaa wanaomshauri amwachie Mungu, eti kazi ni nyingi. Naye huwauliza ziko wapi.

"Sitaki pole," anasema, akijisuuza matope mikononi. "Pole nilikwisha kupewa. Nataka Luqman arudie mbele yao maneno aliyoyasema makaburini. Akikana, na akane, Mungu anamsikia. Mimi nilimzika mume wangu. Kazi sikuizika."