Nafasi Iliyo Karibu na Mlango

Nsimire hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, lakini picha alizisoma kuliko wengi wenye vyeti. Mtihani wa udereva aliurudia mara tano. Mara ya sita akapita, kwa sababu Siméon wa kanisani alimchorea alama zote za barabara kwenye vipande vya maboksi ya viatu, akampangia mezani kama karata, naye akazitazama mpaka akawa anaziota. Siku aliyokabidhiwa leseni alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Aliigeuzageuza, akaitazama sura yake mwenyewe, akaifunga ndani ya leso na kuitia kifuani.

Leseni ile haikuwa pambo. Binti yake, Léonie, alifanya kazi katika ghala moja kule Auburn, zamu ya saa kumi na mbili asubuhi, na basi la kwanza la mtaani kwao lilipita saa ambayo yeye alitakiwa awe amekwisha kuvaa glavu. Msimamizi alikuwa amemwonya mara mbili. Tangu mama apate leseni, Léonie hakuchelewa tena. Nsimire alimpeleka, akarudi mtaani kwao, Liverpool, na mjukuu wake Ornella, mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili, wakashinda wawili mpaka zamu iishe. Leseni ya Nsimire ikawa ndiyo kazi ya Léonie, na kazi ya Léonie ndiyo paa walilolala chini yake.

Tatizo ni kwamba gari lilikuwa na kibandiko cha P nyekundu mbele na nyuma, alama ya dereva mpya. Siméon alimwambia bila kumficha: "Mama, mwenye P nyekundu ana pointi nne tu. Makosa mawili matatu, zinakwisha. Zikikwisha wanachukua leseni, huendeshi."

Na kulikuwa na mtu mmoja ambaye angeisikia habari hiyo kwa raha. Vénérand, mume wake wa miaka ishirini na saba, ambaye Nsimire alimzalia, akamfulia, akambebea mizigo kutoka kambi moja hadi nyingine, alimwacha miaka miwili tu baada ya kufika nchi ya amani. Alikwenda Brisbane na mwanamke wa kwaya. Alichukua gari, televisheni na pasi. Hata pasi! Mlangoni akageuka na kusema, "Wewe utaishi namna gani hapa? Hata jina yako hujui kuandika."

Neno hilo lilimkaa Nsimire kooni kama mwiba wa samaki.

Lakini kweli, Vénérand ndiye aliyekuwa macho yake. Barua alisoma yeye, dawa alisoma yeye, vibao vyote vya mjini alisoma yeye. Zamani, walipokwenda dukani pamoja, alimwonyesha zile nafasi pana karibu na mlango, zilizochorwa mtu anayesukuma kigari cha mtoto. Akamwambia kwa sauti ya mwalimu mkuu: "Hapa ni pa wenye vigari. Ukikamatwa hapa bila kigari, wanapiga gari yako picha, polisi anakata pointi zote." Nsimire akaliweka neno hilo akilini, kama alivyoweka yote aliyosomewa.

Kwa hiyo alipoanza kuendesha mwenyewe, alijua la kufanya. Kwao, kwenye barabara ya Kavumu, kamba ya kizuizi ilishushwa ukionyesha kile askari alichotaka kuona. Hapa walitaka kuona kigari. Kanisa lilikuwa limempa kimoja, kizuri, cha bluu. Shida ni Ornella. Ukimkalisha ndani yake alilia mpaka watu wakageuka, ila mgongoni, ndani ya kitenge, alilala kama mzee aliyekula akashiba. Basi kila Alhamisi Nsimire aliegesha kwenye nafasi ya picha, akatoa kigari kwenye buti, akamfunga mtoto mgongoni, akaingia dukani akisukuma kigari kitupu mbele yake. Alirudi nacho kikiwa na viazi na ndizi, vimefungwa mikanda ya kifuani barabara. Watu walimtazama. Alinyoosha shingo na kupita.

Na kila Alhamisi aliikuta nafasi. Maegesho yajae, magari yazunguke kama nzi, pale karibu na mlango palibaki mahali pamoja au pawili. "Watu wa hapa wanaogopa polisi," alimwambia Léonie. "Ndiyo maana wanakuwa na adabu. Ingekuwa hakuna polisi, ungeona."

Alhamisi moja ya Januari, katikati ya kiangazi cha huku kusini mwa dunia, joto lilipanda mpaka lami ikawa laini chini ya viatu. Nsimire aliegesha, akafungua buti. Kigari hakipo. Akakumbuka kwamba Jumapili Léonie alikitoa ili ngoma za kwaya zipate kuingia. Akatazama upande wa mbali ambako nafasi zilikuwa wazi, jua likiwaka juu ya mabati ya magari. Akamtazama Ornella, mashavu yamelowa jasho. Alisimama kitambo akipima. Kisha akamfunga mgongoni, akamfunika na khanga nyepesi kumkinga jua, akaanza kutembea haraka kuelekea mlangoni.

Gari kubwa la kijivu likasimama mbele yake. Mwanamke akateremsha kioo, akasema maneno mengi kwa kasi, mkono ukielekea kwenye ile picha ya kigari. Nsimire aliambulia neno moja tu, mtoto, na mtikiso wa kichwa. Kisha yule mwanamke akainua simu na kulipiga picha gari la Nsimire. Namba na P nyekundu. Nsimire alipopata la kujibu, gari la kijivu lilikuwa limekwisha kuondoka.

Aliziona pointi zake zikiondoka zote nne kwa mpigo. Alimwona Léonie Jumatatu asubuhi akilikimbilia basi ambalo halijaja, na msimamizi akiangalia saa. Na habari ingefika Brisbane upesi. Habari za kufurahisha wabaya hazihitaji leseni.

Kwao, mtu aliyekosa hangoji kuitwa. Hutangulia mwenyewe, akiwa na mtu wa kumsemea na kuku mkononi. Wa kumsemea hakuwa naye. Kuku je? Aliingia supamaketi, akachukua mmoja wa kuokwa, wa moto, ndani ya mfuko wake, akamlipia, akauliza kwa ishara walipo walinzi.

Kwenye dawati la walinzi alikaa kijana mrefu mwenye sare nyeusi. Jina kifuani Nsimire hakuweza kulisoma, lakini uso aliusoma.

"Kaka, unajua Kiswahili?"

"Sana, mum! Mimi ni Njenga, wa Nyahururu. Umepotea?"

"Sikupotea. Nimekosa." Akamweka kuku katikati ya dawati, kwa mikono miwili.

Njenga alimtazama kuku. Kisha akatazama juu, kwenye kamera. "Mum, toa hiyo kuku hapo! Wataona. Watasema nimekula hongo."

"Haiko hongo. Ni kuku ya pardon. Kwetu mutu haendi kuomba musamaha mikono mitupu."

"Na umekosea nani?"

"Serikali."

Njenga akauma mdomo asicheke. "Serikali haiko hapa, mum. Hapa ni mimi na hii redio, na redio yenyewe imeharibika."

Nsimire akaeleza yote: picha ya chini, kigari, ngoma za kwaya, gari la kijivu, P nyekundu iliyopigwa picha. Hakumaliza, Njenga akapiga paja.

"Ngoja kwanza! Gari ya P nyekundu? Kumbe ni wewe yule mama wa mzigo!"

"Muzigo gani?"

"Kuna madam alikuja hapa saa hii, amekasirika. Ati kuna mtu amepaki kwa nafasi ya familia na hana mtoto, amebeba tu mzigo mkubwa mgongoni, ameufunika na nguo. Nikamuuliza, huo mzigo uko na miguu? Akasema hakuangalia. Nikamwambia, madam, enda ucheki tena. Mimi mwenyewe nilikuwa mzigo hivyo hivyo, mpaka nikafika miaka mitatu."

Ornella, kama aliyeitwa, akatoa mguu mmoja nje ya kitenge na kupiga chafya.

"Ndio huyu mzigo!" Njenga akasimama kabisa. "Sasa mum, sikia. Yule madam alienda akachungulia pale kwa kuku, akaona kichwa cha mtoto. Amerudi hapa mwekundu kama nyanya. Picha amefuta nikiona kwa macho yangu. Amesema nikikupata nikuambie pole sana."

"Amefuta?"

"Yote."

"Na ile ya polisi?"

"Polisi gani?"

"Yenye kukata pointi."

Njenga akakunja uso. "Mum, nani alikuambia kuna pointi hapo?"

Nsimire akaurudisha mguu wa Ornella ndani ya kitenge. "Mutu mwenye alijua kusoma," akasema.

Njenga alimwomba mwenzake akae kwenye dawati, akatoka naye mpaka penye kibao kilichosimama mbele ya nafasi zile. Akaweka kidole kwenye neno la kwanza.

"Hii hapa, ya kwanza kabisa, ni 'tafadhali'. Tafadhali, tuwaachie wenye watoto wadogo. Kwisha. Faini hakuna, polisi hakuna. Kwa hii jengo letu ni kuombana tu. Na kigari ni picha. Mtoto akiwa mgongoni, begani, mfukoni, nafasi ni yako. Kama huna mtoto, hata uwe na haraka, unaacha na unaenda kule mbali."

"Na mwenye haachi?"

"Namwangalia vibaya."

"Basi?"

"Basi. Lakini naangalia vibaya sana, mum. Muulize mtu yeyote hapa."

Nsimire alikisogelea kibao, akaligusa lile neno la kwanza. Vénérand alipita hapa mara ngapi? Alimsomea polisi, akamsomea pointi, akamsomea hofu. Hayo hayakuwa yameandikwa popote, na hili moja lililoandikwa kwanza hakumsomea. Labda hakulijua. Labda aliona si la maana kwa mwanamke asiyejua kuandika jina lake.

Lakini si hilo lililomkalisha chini kwenye ukingo wa njia. Aliketi akizihesabu Alhamisi. Mwaka mzima, mvua na jua, watu walizunguka na magari yao, wamechoka, wana haraka, wana viyoyozi vibovu, wakaiona nafasi pana karibu na mlango na hakuna wa kuwafanya kitu. Wakapita. Wakaenda kuegesha mbali, wakatembea. Hawakumjua Nsimire wala Ornella. Mtu aliyelala naye miaka ishirini na saba hakumwachia hata pasi, na watu hawa asiowaona sura walimwachia nafasi kila juma, bila kulazimishwa, bila kungoja shukrani.

Machozi yakamtoka kabla hajajua.

"Mum, tafadhali usilie," Njenga akasema, akitazama huku na huku. "Sasa watasema nimekupiga."

Nsimire akacheka ndani ya machozi. Alimlazimisha kuchukua paja la kuku. Njenga alilila nyuma ya nguzo, mahali kamera isipofika, akisema hiyo si hongo, ni chakula cha mchana.

Jumapili, katika ukumbi wa shule waliokodi kwa ibada, ulipofika wakati wa shuhuda, Nsimire alisimama. Watu walishangaa. Tangu Vénérand aondoke hakuwahi kusimama kushukuru kwa lolote.

"Bwana asifiwe," akasema. "Namushukuru Mungu kwa ajili ya watu wenye hawakupaki."

Siméon, aliyekaa mbele, akageuka. "Hawakupaki wapi, Mama?"

"Mahali ya Ornella."

Kicheko kikapasuka kuanzia kwa vijana wa ngoma mpaka viti vya nyuma. Léonie akafunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Nsimire akangoja, mikono mbele, mpaka wakamaliza.

"Mucheke. Mimi pia nilicheka. Mwaka muzima nilisema watu wa hapa wanaogopa polisi. Kumbe polisi hayuko. Waliombwa tu, wakaitika. Tumeombwa mambo mengi kwetu, nani aliitika? Sasa majina yao siyajui. Mungu anayajua. Abariki watoto wao, abariki na magari yao, isiharibike njiani. Na ile ya kijivu pia."

"Amina!" Siméon akapiga kelele, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mchungaji akainuka, akamshika bega. "Na Papa Vénérand, Mama? Tumuombee naye?"

"Yeye mumuombee ninyi," Nsimire akasema, akirudi kukaa. "Mimi leo nina watu wengi."

Baada ya ibada Léonie alimfuata kwenye gari, Ornella begani, bado akitikisa kichwa. "Mama, umenitia haya mbele ya kanisa zima. Magari! Umewaombea magari!"

"Ndiyo, nimeyaombea," Nsimire akasema. Akatazama kioo cha nyuma, akatazama bega la kulia kama alivyofundishwa, akawasha gari. "Kesho niko mlangoni saa kumi na moja kasoro. Usinicheleweshe."