Kurasa Nyeupe za Mzee Shomari

Ipo Ijumaa moja ambayo sijaweza kuisahau, mwanangu, na si kwamba sijajaribu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na akili ya kuwatosha watu wawili, kwa hesabu yangu mwenyewe. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, kompyuta ya duka la steshenari lisilo langu, na programu niliyoiandika kwa mikono yangu. Leo nyie mnabonyeza simu mara moja, picha inageuka PDF, mnaendelea kutafuna karanga. Wakati ule, hapa Mikumi, mtu aliyejua kufanya hivyo alitembea katikati ya barabara.

Mimi sikutembea, nilikaa. Mnanijua. Nilizaliwa Kilosa, nikaja Mikumi kwa mama mdogo, na hapo katikati ndiyo safari yangu yote ya dunia. Wazungu wanapanda ndege kuja kuona tembo wetu. Mimi nikisikia tembo kavuka barabara nasema heri yake, ana miguu. Hata ile programu ilizaliwa na uvivu. Skana ya dukani ilitaka uinuke, ufunue, uweke karatasi, ufunike, usubiri, kisha uanze upya. Nikaona bora nipige picha kurasa kwa kamera ya duka, nizitie kwenye folda, kompyuta ihangaike yenyewe na mimi nimekaa.

Ilikuwa mistari kumi na tisa, mingine nimeiokota mtandaoni, mingine nimeitunga kwa kubahatisha. Ilichukua picha zote, ikazipanga kwa namba, ikazigeuza ziwe nyeusi na nyeupe tupu ili faili liwe dogo, maana imeili za wakati ule zilikataa mizigo. Kisha ilizishona pamoja ikatoa PDF moja. Mstari wa mwisho ulifuta zile picha, kompyuta isijae. Huo wa mwisho niliupenda kuliko yote. Niliuona ni usafi.

Niliijaribu kwa vyeti vya shule, barua za serikali ya kijiji zenye mihuri, fomu zilizojazwa kwa wino. Vyote vilitoka vimekolea. Nikaanza kujiita fundi.

Ndipo akaja Bi Tausi kutoka Ruhembe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kiti cha wateja na kufungua kanga aliyoifumbata kifuani. Ndani palikuwa na daftari la shule, jalada limejikunja pembe. Mumewe, Mzee Shomari, mkulima wa miwa, alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa koo uliomnyang'anya sauti miezi mingi kabla ya roho. Bi Tausi alikuwa ametoka eda wiki hiyo hiyo.

Alinieleza kwamba mzee, tangu sauti ikatike, alikuwa akiandika ukurasa mmoja kila alipopata nguvu. Aliandika kwa penseli, kwa sababu alilala chali, na kalamu ya wino ukiielekeza juu haiandiki. Alimwandikia Zuhura, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi za ndani Omani na hakuruhusiwa kuja hata kuzika. Bi Tausi mwenyewe hakwenda shule. Yeye na mumewe walielewana kwa macho na vidole, alisema. Miaka yote ya ndoa yao hawakuwahi kuhitaji herufi. Lakini yaliyokuwa ndani ya daftari alitaka kuyasikia, na alitaka kuyasikia kwa mdomo wa Zuhura tu, kwa simu, si kwa mdomo wa shemeji wala wa jirani.

"Humu kuna maneno ya mtu na mkewe," aliniambia. "Usisome, mwanangu. Piga tu."

Nikaahidi, na ahadi hiyo niliitimiza mpaka ikapitiliza. Nilipiga picha kurasa arobaini na nne nikiwa nimefinya macho kama mtu anayemenya vitunguu. Nikaendesha programu. PDF ikatoka, ndogo, nyepesi, safi. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaona Bismillahi imekolea juu, nikafunga haraka, kwa adabu. Nikamtumia Zuhura hapo hapo.

Bi Tausi akabaki amelishika daftari. Shida yake ilikuwa hii: kila ukurasa ulianza na jina la Mungu, na karatasi ya namna hiyo kwetu haitupwi jalalani, huchomwa kwa heshima. Kuliweka nyumbani nako aliogopa. Mashemeji walikuwa wameshauliza mara mbili marehemu aliandika nini.

"Sasa hili nilichome?" akaniuliza.

Mwanangu, hapo ndipo ningefungua ukurasa wa mwisho. Ingenichukua muda wa kupiga chafya. Badala yake niliipigapiga kompyuta mgongoni, kama mfugaji anayemsifu ng'ombe wake, nikasema: "Lichome tu, mama. Yote yamo humu."

Akalichoma jioni ile ile.

Tangu hapo akawa anakuja dukani kila Ijumaa, siku ambayo Zuhura alipewa mapumziko. Alikaa ua wa nyuma, simu sikioni, akisomewa kurasa tatu nne kwa wiki. Alitaka zisiishe upesi. Maneno sikuyasikia, ila nilimsikia yeye. Ijumaa ya pili alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Ijumaa nyingine alisema peke yake, "Kumbe alijua." Sikujua mzee alijua nini, na sikuuliza. Nilikaa kwenye kiti changu nikijisifu kwamba kicheko kile nimekitengeneza mimi.

Ijumaa ile ninayoikimbia, aliniita. Alisimama mlangoni amenyoosha simu. "Zuhura anakutaka."

Zuhura akanisalimia vizuri, kisha akauliza, "Dada, kurasa zilizobaki mbona hazina kitu?"

Nikafungua faili, safari hii mpaka ndani. Ukurasa wa ishirini na tano herufi zilikuwa nyembamba kama miguu ya sisimizi. Wa ishirini na nane zilikuwa vipande vipande. Wa thelathini na moja palikuwa na maneno matatu tu, chini ya Bismillahi: *Mwambie mama yako*. Baada ya hapo weupe. Nikashuka, weupe. Nikashuka tena, weupe, kurasa kumi na tatu mpaka mwisho.

Nilielewa mara moja, na kuelewa hakukunisaidia. Programu yangu iliuliza kila nukta ya picha swali moja: wewe nyeusi au nyeupe? Jibu la tatu sikuliweka. Wino ulijibu vizuri. Lakini Mzee Shomari alivyozidi kuisha, mkono ulizidi kuwa mwepesi, na penseli ya mtu anayekufa ni kijivu. Kila kijivu chake niliamuru kiwe cheupe. Alipokosa sauti aliongea kwa mkono. Mkono ulipolegea, mimi nikamnyamazisha kabisa, kwa mistari kumi na tisa.

Picha zenyewe programu ilishazifuta, kwa usafi. Kadi ya kamera nilikuwa nimeshapigia pasipoti za nusu ya Mikumi. Baadaye nilihangaika siku tatu na programu za kufufua mafaili. Nilipata nusu ya bwana harusi na fomu ya kujiunga na shule. Daftari lilikuwa majivu.

Naona aibu kukueleza nilichosema kwanza. Sikusema samahani. Nilisema, "Penseli yenyewe ilikuwa imefifia, mama." Nikamsukumia kosa marehemu. Alipoendelea kunitazama nikamrushia na yeye lake: "Halafu wewe ndiye uliyenikataza nisisome."

Bi Tausi hakupandisha sauti.

"Nilikukataza kusoma, Mwanaidi. Kuangalia nilikukataza lini?"

Akaketi, akasema taratibu, kama anayejieleza mwenyewe: "Mimi herufi sizijui. Lakini kila asubuhi nilikuwa nafungua daftari kuona kama jana ameandika. Nilikuwa nauona mkono wake unavyopungua. Ungenionyesha hiyo kompyuta yako siku ile, hata mimi ningekuambia kwamba hapa mume wangu hayupo."

Zuhura alikuwa bado hewani. Nilimsikia analia huko aliko, na mama yake akaichukua simu, akamwambia ale kwanza, wataongea wiki ijayo. Kisha akanigeukia.

"Nitolee hizo kurasa."

"Zipi, mama?"

"Hizo nyeupe."

Mwanangu, mashine ilivuta karatasi kumi na tatu na kuzitoa kama zilivyoingia. Ulimi uliniwasha kumwambia kwamba karatasi tupu zipo kwenye pakiti, achukue tu. Kwa mara ya kwanza siku ile nilikuwa na busara, nikanyamaza. Alizihesabu. Akazipanga pembe kwa pembe, akazifunga kwenye kanga ile ile iliyokuja na daftari.

Mimi nisiyependa kutoka nilimsindikiza mpaka Ruhembe siku hiyo. Ulikuwa msimu wa kuchoma miwa kabla ya kukata, na yale majivu meusi mepesi yalikuwa yakielea na kutua mabegani mwetu. Lilitua moja juu ya kanga yake. Hakulipangusa, alilipuliza, kwa uangalifu, kama unavyompuliza mtoto jichoni. Mlangoni kwake ndipo nikasema, "Samahani, mama." Akajibu, "Karibu uji," nikanywa, nikarudi.

Aliendelea kuja Ijumaa. Hakunitenga, na hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana. Alifariki miaka michache baadaye. Zuhura alirudi akakuta zile karatasi chini ya mto, zimekuwa laini kwa kushikwa. Akaja kwangu kuniambia kwamba mama yake, kila walipoongea, alimuuliza: "Unadhani alitaka uniambie nini?" Na Zuhura kila mara alitunga kitu. Mara apunguze chumvi, mara asiuze jembe lake, mara anampenda. Bi Tausi alisikiliza mpaka mwisho, kisha alisema, "Hapana, siyo hilo. Tutajaribu tena Ijumaa."

Ndiyo maana mnaniona nafungua faili mpaka ukurasa wa mwisho, mnanicheka mkisema shangazi mzee, haamini mashine. Mashine naiamini sana. Nisiyemwamini ni yule msichana wa miaka ishirini na minne aliyekaa kwenye kiti changu, na bado yupo, ila magoti ndiyo yamezeeka.

Basi nakuusia hivi. Ukikabidhiwa kitu cha mtu, usijaribu kazi yako kwa kilichokolea. Ijaribu kwa kile hafifu kuliko vyote, maana huenda hicho ndicho alichokuja nacho. Pitisha jicho mpaka mwisho. Ukikatazwa kusoma, usisome, lakini angalia kama mtu bado yumo. Usifute cha kwanza mpaka mwenyewe aone cha pili kwa macho yake. Na siku ukikosea, samahani itangulie sababu. Mimi niliichelewesha, na yule niliyetakiwa kumpa aliipokea kwa uji.

Nenda kaendelee na kazi zako, mwanangu. Mungu akupe mkono mwepesi na jicho lenye subira. Akuepushe na kujiona fundi kabla ya wakati. Na watakaokuamini na vitu vyao vya mwisho, awajaalie wavikute vyote, mpaka ukurasa wa nyuma kabisa. Amina.